Majina Mapya Ukutani

Korogwe ina vya kumwonyesha mgeni, asikudanganye mtu. Kuna stesheni ya Mjerumani, kuna daraja la zamani juu ya mto Pangani, na kulikuwa na kambi ya manamba, ile nyumba ndefu ya mawe walimolazwa vibarua wa mkonge waliposhushwa kwenye treni. Humo manamba waliandika majina yao ukutani kwa mkaa, wasije wakafia ugenini wasijulikane. Jina la saba lilikuwa la Fransisko wa Songea, babu yake Yuditha.

Yuditha, mama wa miaka sitini na tatu, ndiye aliyeshika funguo. Hakulipwa na mtu. Alifagia, akapokea wageni, akawasomea ukuta jina kwa jina. Kisha likabandikwa tangazo mlangoni: nyumba itavunjwa, yajengwe maduka. Tumaini likabaki moja tu, kwamba wakaguzi wa mambo ya kale waiingize kwenye orodha yao ya majengo yasiyovunjwa.

Barua ilisema wanakuja Alhamisi. Yuditha akatazama ukuta wake, akaona haya. Masizi, utando wa buibui, na mkaa umefifia hata Fransisko hasomeki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini utampokeaje kwenye uchafu? Kila Novemba alipaka chokaa makaburi ya kwao Kwamndolwa na kuandika upya majina kwenye misalaba. Ndivyo marehemu wanavyoheshimiwa. Basi akanakili majina yote kwenye daftari, akasugua ukuta kwa sabuni, akapiga chokaa, akayarudisha kwa rangi nyeusi ya mafuta, herufi kubwa, zimenyooka. Mgongo ulimuuma siku tatu, na moyo ulimjaa furaha.

Alhamisi akaja Godfrey, mkaguzi, kijana mpole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu uwaone wazee wetu."

Godfrey akasimama mbele ya ukuta. Akagusa rangi kwa kidole.

"Mama, yale ya mkaa yako wapi?"

"Si ndiyo haya? Yalikuwa yamechakaa. Nimeyatengeneza."

Kijana akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa.

"Tulikuja kwa ajili ya mkaa, mama. Ukuta huu sasa ni wa juzi. Siwezi kuuingiza kwenye orodha."

"Daftari ninalo! Hakuna jina lililopotea hata moja!"

"Najua. Hata mimi picha ya zamani ninayo. Lakini picha haizuii katapila."

Hakumkaripia, na hilo lilimuumiza Yuditha zaidi. Angemtukana angalau angepata wa kumkasirikia.

Gari la Godfrey lilipoondoka, Yuditha alichukua mafuta ya taa na kitambaa, akaanzia jina la saba. Rangi ikatoka, chokaa ikatoka. Alisugua huku analia, akimwita babu yake, mpaka akafika kwenye jiwe. Chini ya Fransisko hapakuwa na Fransisko.