Kola Iliyokula Mistari Yangu

Nyumbani wananiita Kiberiti, na walionibandika jina hilo hawakunionea. Nawaka haraka. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mambo ya kompyuta wameyaanza vijana wa juzi, sinyamazi. Mimi nimeandika programu nikiwa na sare ya shule, kwenye televisheni isiyo na rangi, cherehani ya mama ikinguruma pembeni. Hilo nalisema mbele ya yeyote.

Kompyuta yenyewe aliileta mjomba, mdogo wake mama, aliyekuwa fundi wa redio melini. Ilikuwa kibodi tupu, nene kama kamusi, yenye waya wa kuchomeka kwenye televisheni. Kitu cha kuhifadhia kazi hakikuwepo. Ukiizima tu, ulichoandika chote kimekwenda na maji, na kesho unachapa upya kuanzia mstari wa kwanza. Pamoja nayo alituachia jarida moja lenye ukurasa wa mistari ya programu ya mchezo, ya kuchapa wenyewe, kisha akaweka sharti lake pale pale sebuleni. Akirudi safari akaukuta mchezo unachezeka, mashine ni yetu. Akikuta tumeifanya pambo, anampelekea mtoto wa mwenzake. Kaka yangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda mashine ile kuliko kitu chochote ndani ya nyumba.

Mchezo ulikuwa hivi: mpira unadondoka kutoka juu, ndoo inakwenda kushoto na kulia kuudaka. Basi. Leo ukimwonyesha mtoto atakuonea huruma. Kaka alisoma, mimi nikachapa. Mistari ilihesabiwa kwa makumi, kumi, ishirini, thelathini, nami nikauliza kwa sauti kwa nini wasiandike moja, mbili, tatu kama watu wenye akili zao. Mama, bila kuinua kichwa kwenye cherehani, akasema hiyo ni akiba ya mshono, maana mwenye gauni akinenepa utaongezea wapi? Nikajaribu kuchomeka mstari wa kumi na tano, ukakaa. Mama hakuwahi kugusa kibodi ile hata siku moja.

Siku moja narudi kutoka shule, ukurasa haupo. Mama hakuwa mtu wa kununua karatasi za kukatia violezo, na kwake karatasi iliyolala sakafuni ni karatasi. Alikuwa na haraka ya nguo ya mke wa fundi saa, akapitisha mkasi, akakata kiolezo cha kola. Tuliokota vipande vyote. Kuanzia mstari wa 120 hadi wa 190, patupu, pamebaki pengo lenye umbo la shingo ya mtu. Kiolezo chenyewe mama alikitafuta asikione, akadhani kimeondoka na nguo. Nikatumwa kwa mke wa fundi saa, naye akasema hana.

Niliwaka. Nililia, nikaupiga mlango teke, nikamwambia mama maneno ambayo watoto wengine wangeyalalia njaa. Kaka akanawa mikono. Alisema mashine imeshakwenda, akatoka kwenda kucheza mpira wa kweli. Mama aliniacha nimalize, halafu akasema, "Kiolezo cha kola kikipotea, fundi hatoi shati bila kola. Anapima shingo, anakata nyingine."

Nilimwona hana huruma hata chembe. Lakini kesho yake nilipiga moyo konde, nikakaa. Juu ya pengo, mpira ulikuwa unadondoka. Chini ya pengo, alama zilikuwa zinahesabiwa. Kwa hiyo mle katikati lazima kulikuwa na kitu kinachoisogeza ndoo, na kitu kinachojua mpira umedakwa au umepita. Nikaanza kujiuliza kwa sauti, kama mtu aliyepandwa na homa. Kama kitufe cha kushoto kimebonyezwa, basi ndoo iende wapi? Kama mpira umefika chini na ndoo iko palepale, basi nini?

Mara ya kwanza ndoo ilikwenda kushoto, ikatoka nje ya skrini, isirudi tena. Mara nyingine mpira ulipita katikati ya ndoo kana kwamba haina kitako. Kila nilipofyonya, mama aliniuliza imeharibika wapi. Nikimwambia, anasema nifumue hapohapo tu, nisichane gauni zima. Ilinichoma roho, kwa sababu kuchana gauni zima ndiko nilikokuwa nakutaka. Jioni baba akiingia tu tunazima ili atazame taarifa ya habari, na kazi yangu yote inapotea. Kesho nachapa tena, mpaka vidole vikaijua programu kuliko kichwa.

Mjomba alirudi akaketi hata viatu hajavua. Nilichapa mstari kwa mstari bila kutazama karatasi yoyote, kaka amesimama nyuma yangu. Mpira ukadondoka, ndoo ikakimbia, ikaudaka, na ile sifuri pembeni ikawa moja. Mjomba aliomba ukurasa alinganishe. Nikamwambia umeishia shingoni kwa mteja. Alicheka mpaka akajifuta machozi, akanipokonya kibodi, akacheza mpaka chai yake ikapoa. Mashine ilibaki. Leo naandika programu za mitambo inayopima damu hospitalini, na sikufunguliwa mlango huo na mtu, nimeubomoa mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu miaka yote.

Wiki iliyopita mama alitundika mkasi, macho yamekataa. Nilikwenda kumsaidia kupanga violezo vyake, mafurushi na mafurushi, kila moja limefungwa kwa utepe wa kitambaa. Chini kabisa ya sanduku palikuwa na kimoja kilichofungwa peke yake ndani ya kipande cha hariri. Nikakifungua. Kola, karatasi ya jarida, imegeuka rangi ya chai. Mstari wa 120 ulikuwa pale, na wa 130, mpaka wa 190.

Mama alisikia nilivyonyamaza, akajua nimeshika nini. Akasema alikipata kesho yake tu, kilikuwa kimenasa chini ya cherehani.

Umri wangu huu, niliwaka upya. Jioni zote zile, vilio vyote vile, naye kitu anacho! Mama akangoja nimalize, kama zamani.

"Nilikuwa nakuja kukupa," akasema. "Nikakusikia unajiuliza, kama hivi, basi nini. Nikakirudisha."

"Na mjomba angeichukua mashine?"

"Ningekupa kabla hajafika. Mimi si mwendawazimu."

Nikavaa miwani, nikaisoma ile mistari. Jarida lilitumia minane. Mimi, niliikumbuka yangu kama jana, nilitumia sita. Nilimwambia mama.

"Na mpira ulidakwa?"

"Ulidakwa, mama."

"Basi hukupoteza kitambaa."

Nikamwomba anipe kile kiolezo, nikakitie kwenye fremu ofisini kwangu. Alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akakipata, akakichukua, akaanza kukifunga tena kwenye hariri yake.

"Hiki hakitoki," akasema. "Kila mteja aliyekanyaga humu nimemwonyesha. Nawaambia, tazameni, haya ndiyo maandishi ambayo binti yangu hakuyahitaji."