Picha Iliyoishia Machoni

Nilichoona kwanza ni viatu. Picha zilizoharibika kwenye duka letu la Kware zote zilikosa viatu. Hakuna hata moja iliyokosa kichwa. Juu zilitoka safi, kisha mahali fulani rangi ilikatika na chini yake kukawa kijivu tupu. Picha ndogo za pasipoti hazikuwahi kukatika. Zilizokatika ni zile kubwa, nzito.

Nilimwonyesha Abdiqani, mwenye duka. Akasema printa yetu inawaonea wateja wivu kwa viatu vyao. Nikacheka, nikarudi kukata picha.

Programu ya kuchapisha aliiandika mwenyewe, na alijivunia. Mteja akituma picha kutoka kwenye simu, inaingia kwenye folda moja. Programu inaarifiwa kuna faili mpya, inainakili hadi kwenye kompyuta ya printa, inafuta ile ya kwanza. Hakuna anayegusa kitu.

Ndipo akaja Mzee Mbaluka, mchonga vinyago mwenye kibanda nyuma ya jengo letu. Binti yake Kavinya alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Jumamosi nyumbani kwao Kitui. Alitaka picha kubwa ili auchonge uso wake kwenye msalaba.

"Nikifumba macho namwona yule wa hospitali tu," alisema. "Nataka huyu."

Akatuonyesha simu. Kavinya hakupenda kupigwa picha. Hiyo ndiyo iliyokuwepo, nyingine hakuna.

Simu ilikuwa imejaa, inakwama kila mara. Abdiqani alibonyeza pa kuhamisha badala ya pa kunakili, ili ipate nafasi. Simu ikatuma polepole, ikasema imemaliza, ikafuta picha yake. Printa ilikuwa imeshatoa karatasi. Kavinya alikuwa na paji la uso, nyusi na macho. Chini ya macho, kijivu.

Abdiqani alitafuta kwenye kompyuta zote mbili na kwenye simu, akajaribu programu za kufufua faili mpaka jioni. Mzee alikaa kwenye stuli, kofia magotini, akiuliza mara moja moja kama kuna lolote.

Kesho yake Abdiqani alipata sababu. Mimi niliishia darasa la sita, kwa hivyo alinieleza taratibu, bila mzaha safari hii. Ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta kuna kiini, na kila faili hupitia kwake. Programu haikai ikichungulia folda. Inakiomba kiini kiiambie jambo fulani likitokea. Unaweza kuomba kuambiwa faili inapoundwa. Unaweza pia kuomba kuambiwa inapofungwa, anayeiandika akishamaliza. Yeye aliomba la kwanza tu. Na faili huundwa ikiwa tupu: jina linakuwepo, kisha picha inaingia, kuanzia juu. Ndogo huwa imeshaingia yote kabla programu haijaifikia. Ya Kavinya ilikuwa bado njiani. Programu ilinakili kilichokuwepo, ikafuta.

Nikamuuliza kama simu haikuambiwa kwamba faili imefutwa.

"Haikuambiwa kitu," alisema. "Faili ikifutwa inapoteza jina tu, lakini aliyeanza kuandika anaachwa amalize. Simu ikamaliza, ikafunga, vyote vikapotea. Hakuna aliyedanganya, Kamene. Kiini kilinijibu nilichouliza."

Alibadilisha mstari mmoja. Picha hazikukatika tena.

Mchana huo mzee alikuja na swali moja. "Alikuwa anacheka, sivyo?"

Abdiqani, ambaye siku ile alikuwa akitazama vitufe, alisema, "Alikuwa anacheka, mzee wangu. Sana."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda. Mimi nilikuwa nimeshika makasi. Abdiqani alikuwa ameshasema, nami sikujua namna ya kusema kinyume chake mbele ya mzazi.

Ijumaa nilimpelekea chai kibandani. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani. Macho yalikuwa ya Kavinya kabisa. Chini yake mbao ilikuwa laini, imekwanguliwa, na vumbi lake jipya lilikuwa sakafuni.

"Nilimpa kicheko," alisema, "akawa mtoto wa mtu mwingine. Nimekitoa." Akapuliza vumbi kwenye patasi. "Wewe uliiona ile picha?"

"Kidogo," nilisema.

Alingoja. Nikaangalia kikombe. Baadaye wapwa wake waliingia kuufunga msalaba kwa blanketi, wakautoa nje, na Jumamosi Kavinya akazikwa chini ya uso usio na mdomo.

Mzee Mbaluka, niliiona vizuri. Hakuwa anacheka. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, umevutwa upande wa kushoto, jino moja la juu likionekana, kama mtu aliyekuwa akimwambia mpiga picha asubiri.