Chekeche la Salfa

Kwa mafundi fataki wa pale Meksiko, kila unga una chekeche lake, hata mama hamwazimi mwanawe. Sasa Fidencio anaingia karakanani, anamkuta shemeji yake Nabor anachekecha unga mweupe wa fataki ndani ya beseni huku anapiga mluzi. Chekeche lenyewe lina vumbi la njano ukingoni. Salfa! Salfa na unga ule havikutani; vikisuguana huwaka vyenyewe.

"Shemeji, hilo umelitoa wapi?"

"Langu limetoboka bwana. Chekeche si chekeche tu? Unanuna kama dada yako!"

"Acha kutikisa. Toka polepole."

Nabor akacheka, kisha akauona uso wa Fidencio, akaliweka chekeche chini taratibu. Walipofika mlangoni akageuka. "Na kofia yangu je?"

Ndani, beseni lilianza kuchemka kama mafuta kikaangoni.

"Kimbia, Nabor!"