Alama za Chaki Nyumbani kwa Mama

Mlango wa bafu wa dada yangu Dunia ni wa bati, na kila mvua iliponyesha umeme wake ulikuwa ukimtupa mkono aliyeugusa. Yeye alisema unatekenya tu. "Mlango wangu una adabu, unasalimia," aliwaambia wateja wake wa barafu, nao wakacheka.

Mimi sikucheka. Nyumba hiyo ya Ujiji, aliyotuachia mama, iliwekewa umeme nikiwa kijana, na tangu hapo hakuna aliyezikagua nyaya zake. Nilimwita Wema, fundi mwenye leseni kutoka Gungu, aikague yote, kuanzia darini.

Alifika baada ya adhuhuri. Kutoka darini alishuka na kipande cha waya kilichotafunwa na panya. Kwenye fyuzi alikuta mtu amefunga waya mnene, ambao usingekatika hata nyumba ikiwaka moto. Waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umeliwa na kutu. Kila palipokuwa na hatari alichora X kwa chaki, kisha akapanda bodaboda kwenda kununua vifaa.

Nilitoka kwenda kuswali alasiri. Niliporudi nilimkuta dada amejifunga kanga kiunoni, anafuta zile X kwa kitambaa kilicholowa maji. Alikuwa amefikia soketi ya friji.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye meinswichi nikaizima. Friji ikanyamaza.

"Washa, Hamdani."

"Siwashi."

"Barafu yangu itayeyuka."

"Iyeyuke. Barafu inagandishwa tena."

Alikamua kitambaa polepole, kama anayesokota shingo ya mtu. "Uliona wapi nyumba ikachorwa X ikabaki? Zile za kule chini zilichorwa zikabomolewa, leo zimekuwa barabara. Mtoto wa marehemu kaka anakitaka kiwanja hiki, unajua. Wewe unamletea watu wa kuchora, unaniambia fundi umeme."

"Ni alama ya fundi, dada, ajue pa kutengeneza. Mambo haya nimeyasoma shule ya jioni."

"Umesoma usiku. Nusu ya darasa ulikuwa umesinzia."

Hilo lilinichoma, maana katika shule ile sikuwahi kusinzia, hata siku nilizotoka kupakua mizigo bandarini. Lakini upande wa Kongo ziwa lilikuwa limeshakuwa jeusi, na mvua ikifika dada angekwenda bafuni kama kawaida yake. Nilisimama mbele ya meinswichi, mgongo ukutani.

Wema aliingia na bunda la nyaya begani. Akatazama kuta.

"Shikamoo tena, bibi. Alama zangu nani kafuta?"

"Marahaba. Kafuta mwenye nyumba."

"Naweza kupima upya," Wema aliniambia mimi, "lakini mzee, siwezi kufanya kazi katika nyumba ya mtu asiyetaka."

Akaanza kukusanya koleo zake. Nilijua akiondoka, dada angewasha umeme kabla sijafika kwangu Rusimbi.

"Dunia," nilisema, na kwa jina tupu huwa simwiti, "ningekuwa nataka mtoto wa kaka akipate kiwanja, ningefanya nini? Ningekaa kwangu nikanywa kahawa, nikawaachia panya kazi. Nyumba ingeungua, wewe ukiwa ndani, na anayetaka kiwanja angepata kiwanja. Kiwanja hakiungui."

Matone ya kwanza yaligonga bati. Dada alimtazama Wema, akanitazama mimi, kisha akaingia chumbani kwake.

"Mnasubiri niwaite kwa barua?" alisema kutoka ndani. "Kabati hili zito."

Tulilisukuma sote watatu. Nyuma yake palikuwa na soketi iliyoyeyuka, na ukuta ulikuwa na weusi uliopanda mpaka karibu na dari. Kichwa cha kitanda chake kilikuwa hapo hapo.

"Tangu lini, bibi?" Wema aliuliza.

"Tangu mfungo uliopita. Nilijua mkipaona hapa mtasema nyumba haifai."

"Nyumba inafaa. Nyaya ndizo hazifai. Lakini leo umeme hauwaki, na kesho hauwaki, mpaka nimalize."

Dada alikaa kitandani, akageuza uso kwangu.

"Umesikia? Nenda kalete godoro lako. Wewe ndiye uliyezima, hutaniacha peke yangu gizani."