Msichana wa Nywele za Buluu na Mashine ya Vyeti

Habari hii nimeipata kwa binti yangu mwenyewe, Jumapili iliyopita, amekaa kwenye mkeka wangu, miguu imemvimba, tumbo la miezi minane limemkalia mbele kama mgeni asiyejua kuaga. Nilimsikiliza huku namenya viazi. Sikumkatiza. Umri wa kukatiza watu umenipita. Siku hizi nasikiliza tu, nadharau kimoyomoyo.

Mumewe ni fundi friji. Mkwe wangu huyo ana miaka thelathini na tisa, ana mvi tatu kidevuni, na anakusanya kadi. Si kadi za harusi wala za kliniki. Ni vikaratasi vya ukubwa wa kiganja, vina picha za katuni za Kijapani: wasichana wenye macho kama sahani, paka waliovaa makoti, vijana waliobeba mapanga marefu kuliko wao. Hazichezwi. Hazitumwi kwa mtu. Hazibandikwi hata ukutani. Zinawekwa. Kila moja inavalishwa mfuko wake wa plastiki, inatiwa kwenye albamu, albamu kwenye boksi, boksi kwenye chumba kidogo, na chumba kinapigwa kufuli. Mimi nimelea watoto sita na hakuna aliyewahi kuvalishwa vile.

Nilipowatembelea alinionyesha, kwa adabu zake zote.

"Mama, samahani, usiguse. Mafuta ya vidole yanaziua."

Alikuwa amenawa mara tatu kabla ya kuzishika. Mchana huohuo alikaa mezani na grisi ya friji hadi kwenye kiwiko.

Sasa, chumba kile kidogo binti yangu alikitaka kwa ajili ya mtoto. Wanakolala wao kitanda kimegusa kuta zote mbili. Cha mtoto kingekaa juu ya nani? Akaomba tangu mimba ina miezi mitatu. Mkwe akala kiapo. Seti yake ina kadi tisini, anazo themanini na tisa.

"Nikipata namba arobaini na moja tu, mke wangu, nimemaliza. Maboksi yote nayahamisha. Chumba cha mtoto."

Namba arobaini na moja ni paka. Basi binti yangu, mtu mzima, akawa anapiga magoti kumwombea paka wa karatasi aonekane, ili mjukuu wangu apate pa kulala.

Paka akaonekana kwa Profesa. Huyo anauza magodoro, na sijasikia amemfundisha nani nini. Wamempa jina hilo kwa sababu anavaa shingoni kioo cha kukuzia vitu, kama fundi saa, anachokagulia kadi. Alikubali kumtoa paka, naye apewe msichana wa nywele za buluu, kadi ya seti nyingine, inayong'aa ukiigeuza, fahari ya mkwe wangu kuliko ndoa yake. Angekuja kuichukua Jumamosi saa sita.

Jumamosi asubuhi mkwe akaitwa haraka, friji ya bucha imekufa. Akamwacha yule msichana mezani, ndani ya kimfuko chake chepesi. Binti yangu naye alikuwa anatoka kwenda kazini. Yeye yuko duka la fotokopi, kwenye ile mashine inayofunika vyeti kwa plastiki ya moto. Kazi yake safi, watu wanatoka mitaa mingine kumfuata yeye.

"Nikaona aibu, mama," aliniambia. "Mtu atoe paka wake apewe kitu kwenye kimfuko kama cha sukari ya kupima? Nikamchukua. Nikampitisha kwenye mashine, taratibu. Halafu pembe nikazikata mviringo, kama tunavyofanya vitambulisho, zisimchome mtu."

Saa sita Profesa akafika nyumbani, mkwe akafika, binti yangu naye ametoka kazini, akamtoa msichana kwenye mkoba, anatabasamu. Profesa akavaa kioo chake. Akainama. Akakivua polepole, kama daktari mwenye habari mbaya.

"Shemeji," akasema, "hii umeifanyaje?"

"Nimeifunika. Sasa hata maji hayaiingii."

"Na pembe ziko wapi?"

"Nimezitupa."

Profesa akaomba kiti. Mwanaume mwenye kifua kama kabati, akaomba kiti na maji ya kunywa. Mng'ao ulikuwa umeungua ukawa ukungu. Akamrudisha paka mfukoni kwa vidole viwili, akamshika mkwe bega: "Pole sana, kaka. Jikaze." Akaondoka. Mimi nimezika mume, na sikupewa pole iliyotoka ndani namna ile.

Mkwe akakaa sakafuni, akalia. Alipomaliza kulia akajifuta, akasema, "Basi mambo ya chumba yameisha. Bila paka seti haijafungwa. Umejiharibia mwenyewe."

Nikaacha kumenya. "Ukamjibuje?"

"Nilimwambia, sawa, mume wangu, nimekosa. Jumatatu nitazipeleka na zile themanini na tisa, nizifunike zote, zifanane. Pembe nitazikata vizuri zaidi."

"Ulimfokea?"

"Hapana, mama. Nilisema polepole, kama unavyosema wewe."

Mkwe alimtazama usoni, akatazama ule mkoba wa kazini. Kisha akainuka kama aliyekalia kaa la moto. Miezi mitano alikuwa hana nafasi ya kuhamisha boksi moja. Siku hiyo alihamisha kumi na saba, peke yake, mbio, bila hata kunawa mikono. Akayapanga sebuleni nyuma ya kochi, akayazungushia mnyororo wa baiskeli.

Saa tisa alasiri chumba kilikuwa kitupu. Mkwe alikuwa amejilaza juu ya maboksi yake, kufuli kiganjani, mdomo wazi, anakoroma. Binti yangu akampita kwa ncha za vidole. Akafagia vumbi la chumba kidogo, akafungua dirisha lililokuwa halijafunguliwa mwaka mzima, akatandika shuka pale kitakapokaa kitanda cha mtoto. Akajilaza kwa ubavu wa kushoto kama alivyoambiwa kliniki. Mtoto akapiga teke moja, akatulia. Naye akalala.