Sufuria za Hitima ya Majid

Riziki alishusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati, akaliweka mkekani mbele ya mama mkwe wake. Lilikuwa tupu.

"Mama," alisema, "hakutakuwa na ng'ombe."

Bibi Hindu hakuinua macho. Alikuwa anakoroga uji katika sufuria yake ya zamani, ile nyeusi yenye sikio moja, ambayo alikataa kuitupa hata mwanawe alipomtengenezea mbili mpya. Alikoroga mpaka uji ukashika, akaepua, akafunika. Ndipo akauliza:

"Hakuna ng'ombe, ao hakuna hitima?"

"Hitima iko. Maalim atakuja, juzuu zitasomwa zote. Ila watu watakunywa chai na maandazi."

"Mwaka mzima mutoto wangu yuko chini ya udongo, halafu watu wanywe chai." Bibi Hindu alijifuta mikono kwa ncha ya kitenge. "Utanieleza pesa zimekwenda wapi, ao nikaulize barabarani?"

Riziki alimweleza.

Zilikuwa pesa za maandazi. Tangu alipotoka eda, kila alfajiri alikaanga, akauza mpaka saa nne, na kila alichobakiza akakitia koponi kwa ajili ya hitima ya mwaka. Mtaani kwao, katika mji wa Rumonge, watu husahau mengi, lakini hitima ya mtu hawaisahau. Miaka kumi baadaye utasikia mtu akisema, "Fulani? Yule aliyesomewa, tukala mpaka kesho yake." Na Riziki aliogopa mume wake, Majid, kusahauliwa kuliko njaa. Majid hakuacha duka lenye jina lake. Aliacha binti mmoja, Raisa, na nyundo mbili. Alikuwa fundi bati. Alikaa sokoni chini ya turubai, akitengeneza ndoo na mirija ya kumiminia mawese, na kuzitia matako mapya sufuria zilizotoboka. Pale alipokaa, sasa alikaa mtu wa kuchaji simu. Wiki iliyopita Riziki alimsikia mwanamke akiuliza, "Hapa si palikuwa na fundi?" na yule wa simu akajibu, "Mimi nimekuta pako hivi."

Hiyo ndiyo sababu ya ng'ombe. Lakini Jumatatu mwalimu Pontiani alikuja.

Mwalimu Pontiani alikuwa amestaafu, na Jumapili alifundisha katekisimu parokiani. Yeye na Majid ndio walioanzisha mchango wa kujenga nyumba katika mji wa Baraka, nchi ya ng'ambo ya ziwa, mwaka ule maji yalipopanda. Rumonge ziwa lilikula nyua na vyoo. Baraka mito ilishuka kutoka milimani na mawe yake, ikafagia mitaa mizima. Wawili hao walipita nyumba kwa nyumba, mmoja na rozari shingoni, mwingine na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, na watu waliwauliza wazi: wa hapa je? Hatuna wetu waliolowa? Majid alikuwa na jibu moja tu. "Wa hapa tuwape, nani amekataa? Lakini wale walitupa pa kulala." Na wakubwa walitoa, maana katika miaka ya vita nusu ya mtaa ule ililala ng'ambo ile. Majid mwenyewe alivuka akiwa na miaka saba, amebebwa mgongoni na Bibi Hindu. Miaka mitatu walikaa katika nyumba ya mama mmoja wa Baraka, aliyekuwa na binti wa rika la Majid anayeitwa Cibalonza.

Nyumba tatu zilikuwa zimekwisha kujengwa. Ya nne ilikuwa ya huyo Cibalonza, ambaye sasa ni mjane mwenye watoto watano.

Jumatatu ile mwalimu hakuomba kitu. Alikaa mlangoni, akatoa simu, akamwonyesha Riziki picha: kuta za matofali mabichi zimefika juu, milango iko wazi, na juu hakuna kitu ila mbingu. Mbingu yenyewe ilikuwa nyeusi.

"Mvua zimeanza kule," alisema. "Wiki mbili zikipita bila mabati, kuta zitarudi kuwa udongo. Basi, mama Raisa, amahoro, kaa na amani. Nilipita kukusalimu."

Alipofika njia panda, Riziki alimkimbilia na kopo.

Bibi Hindu alisikiliza yote hayo. Mwisho alisema, "Jina la mwanangu umempa mtu mwingine," akabeba sufuria yake ya uji akaingia ndani. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kutangaza sokoni kwamba mwanawe atachinjiwa ng'ombe, na kwa kuwa hakwenda kuirudisha habari, mtaa mzima uliendelea kujua kuna ng'ombe. Labda alitumaini Riziki ataona aibu, atakopa nyama.

Jumapili, baada ya adhuhuri, watu walijaa. Wanaume walikaa uani chini ya turubai, wanawake ukumbini na barazani. Kila mwanamke alipoingia alipitia kwanza ukuta wa jiko, akainama kidogo, akaacha pale alichoficha ndani ya kitenge. Riziki aliyajua hayo tangu utoto. Hakuna anayekwenda kwenye hitima ya ng'ombe bila sufuria, maana nyumbani kuna watoto na kuna mzee asiyeweza kutembea, na mwenye shughuli hufurahi akimpakulia kila mtu cha kwenda nacho. Alipoziona zinavyopangana pale ukutani, mfuniko kwa mfuniko, aligeuka. Alimtazama Bibi Hindu. Bibi Hindu alitazama mkeka.

Juzuu zilisomwa, maalim akaomba dua ndefu na nzuri, watu wakaitikia amina, wakanyoosha miguu. Ikaja chai ya tangawizi. Yakaja maandazi.

Walikunywa. Wakangoja. Elda, jirani wa ukuta mmoja, ambaye hakuwahi kukosa hitima ingawa Jumapili asubuhi huimba kwaya parokiani, aligeuza kikombe chake kilichokwisha.

"Mama Raisa, weye! Hii chai iko ya kufungua njia, ao ndiyo tumefika?"

Kicheko kilipita ukumbi mzima, kikafika uani. Riziki alisimama mlangoni. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu.

"Ndiyo tumefika," alisema. "Ng'ombe wa Majid amekuwa mabati. Yako bandarini, yanangoja boti, na boti inangoja esansi, mafuta hakuna. Ni ya nyumba ya ng'ambo, ya mchango ule aliouanza yeye mwenyewe. Mtanisamehe. Murakoze, asanteni kuja."

Mzee mmoja alisema kwamba tangu azaliwe hajaona jambo kama hilo. Mwingine akasema Mungu apokee, lakini alisema huku anatafuta viatu. Wanawake waliinuka mmoja mmoja, na hapo likatokea jambo ambalo Riziki hakulitazamia. Walipita kando ya ukuta wa jiko bila kutazama chini. Nani angetoka mbele ya wanaume wote wale amebeba sufuria tupu, ulimwengu ujue alikuja kufuata nyama? Elda alipita ameinua shingo kama asiyejua sufuria ni kitu gani.

Uwanja ulipobaki mtupu, sufuria zilibaki kumi na moja.

Asubuhi ya pili hakuna aliyekuja kuulizia chake. Bibi Hindu alikuwa bado nyuma ya pazia la chumba chake. Riziki aliona haya kumrudishia mtu sufuria yenye vumbi la uani kwake, kwa hiyo alichota maji, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuosha. Ya kwanza aliisugua ndani, akaigeuza. Chini, karibu na ukingo, palikuwa na alama tatu za msumari, zimepangwa kwa mstari.

Majid alizipiga alama hizo kila alipomaliza kazi. "Ikivuja, mtu arudi kwangu, asiende kumgombeza fundi mwingine," alikuwa akisema.

Riziki aliigeuza ya pili. Alama tatu. Ya tatu haikuwa nazo. Ya nne, ya tano, ya sita zilikuwa nazo. Alizigeuza zote, akazipanga juani matako juu. Kumi na moja, na tisa kati yake zilikuwa zimepita mikononi mwa Majid. Maji yalimwagika kutoka ndooni akayaacha yaende.

Hakusikia pazia. Alimwona tu Bibi Hindu amechuchumaa upande wa pili, anapapasa chini ya sufuria moja kubwa kwa kidole gumba.

"Hii ya Elda," alisema Bibi Hindu. "Alimsumbua siku tatu. Anataka tako zito lakini hataki kulipia tako zito." Akagusa nyingine. "Hii ya mke wa Barnaba wa Kizuka. Hii siijui. Hii alimfanyia bure yule mama aliyefiwa."

"Walikuja nazo kumla ng'ombe wake," alisema Riziki, na hakujua kama analia au anacheka.

"Walikuja nazo." Bibi Hindu alikaa chini kabisa, kwenye udongo uliolowa. Alisema, "Nilidhani watamsahau. Na kumbe kila siku wanamteleka motoni."

Kisha akainuka, akaanza kuwasha jiko, maana chombo cha jirani hakirudi kwake bila kitu ndani, na hilo hawakuhitaji kuambiana. Walipika wali waliokuwa nao, na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa mawese, wakagawa kidogo kidogo, wakatoka pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba Riziki kupita mtaani bila beseni la maandazi kichwani.

Elda alikana mlangoni. "Sufuria? Mimi? Labda iko ya mutoto aliisahau."

"Iko na alama ya Majid," alisema Bibi Hindu. "Na bei yako ya siku tatu naikumbuka."

Elda alifunua, akanusa, akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu kicheko kikamwisha. "Mume wangu alipokuwa hana kazi, Majid ndiye aliyemfungulia njia," alisema. "Alimkalisha pale sokoni, akamfundisha kukata bati. Hamkujua?" Hawakujua. Akaingia ndani, akatoka na bawaba mbili mpya na kufuli. "Hiyo nyumba yenu ya Baraka iko na mlango? Mumpe huyo mama."

Si wote waliokuwa hivyo. Mmoja alipokea sufuria yake, akafunga mlango. Lakini kabla ya alasiri Riziki alikuwa amesikia juu ya mume wake mambo manne ambayo hakuwa nayo asubuhi, na aliyarudia moyoni njia nzima asije akayapoteza.

Esansi ilipatikana Alhamisi. Riziki alipofika ufukweni, mwalimu Pontiani alikuwa anahesabu mabati yakipakiwa. Bibi Hindu alikuja nyuma, polepole, amebeba kichwani sufuria yake nyeusi yenye sikio moja, imefungwa kitambaa. Ndani ilikuwa na mchele mpaka juu.

"Mama, hiyo!" alisema Riziki. "Utapikia nini uji?"

"Siyo yangu. Mama yake Cibalonza alinitilia unga humu siku tuliyorudi nyumbani, nikasema nitamrudishia." Aliishusha, akaiinamisha kidogo bila kumwaga, Riziki aone tako lake. Alama tatu zilikuwa pale, zimepinda, moja kubwa kuliko nyingine. "Ilipotoboka, Majid alikuwa na miaka kumi na mitano. Ndiyo kazi yake ya kwanza. Nikaona uchungu kuirudisha."

Alimkabidhi mwalimu kwa mikono miwili.

"Usiiweke chini ya mabati," alisema. "Ishike wewe mwenyewe."

Mwalimu Pontiani alipanda botini, akakaa, akaipakata.