Chai ya Rais

Katiba yetu inasema Rais akivusha wanajeshi mpaka, lazima aje bungeni kutuambia. Shemeji yangu, ambaye ndiye Rais, hakupenda kuja. "Bunge ni kama ukweni," alizoea kusema. "Ukienda mara moja, watataka uende kila Jumapili."

Kusema kweli hakuwa na haja ya kuja. Mambo ya nchi alimsimulia mkewe wakinywa chai ya asubuhi. Mkewe ni dada yangu, na dada yangu hana kifua. Kabla vikombe havijaoshwa, simu yangu inalia. Mimi ni mbunge wa upinzani. Nikifika ukumbini nasimama na maswali ya kuwatoa mawaziri jasho, mpaka wenzangu wakanibandika jina la Mganga. Nami, bila haya, nikavimba kichwa.

Hadi asubuhi moja dada alipopiga simu akiwa hana la kusimulia.

"Mdogo wangu, huyu mtu kanyamaza. Chai hanywi, nikimuuliza anaangalia dirishani." Akashusha sauti. "Mwanao umempata kwenye simu?"

Sikuwa nimempata. Mwanangu ni mwanajeshi, na tangu wiki iliyopita alikuwa hapatikani. Nilikuwa nikijidanganya kwamba simu yake mbovu.

Sikungoja dereva. Walinzi wa shemeji wananijua, wakanipisha, nikamkuta sebuleni na soksi mguu mmoja.

"Umewavusha?"

"Shemeji, kaa kwanza."

"Umewavusha bila Bunge kujua?"

"Bunge huwa nalijulisha!" akang'aka. "Namwambia dada yako, dada yako anakwambia wewe, wewe unakwenda kupayuka. Unadhani sijui? Miaka yote hii nimewahi kumkataza?"

Kumbe uganga wangu wote ulikuwa utarishi tu!

Akafunga mlango. "Safari hii sikutaka dada yako ajue, atalia. Lakini wewe sogea nikunong'oneze habari za mwanao. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Wallahi nilisogea. Nilisogea mpaka nikasikia pumzi zake. Hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa chama chake, anayekaa mkabala nami bungeni na kunizomea kila nikisimama. Binti yake yumo kikosi kimoja na mwanangu. Yeye nani angemnong'oneza?

"Usiniambie," nikasema. "Njoo kule utuambie sote."

"Watanitafuna mzimamzima."

"Na wakutafune. Vaa soksi."

Alikuja mchana uleule. Wabunge walipiga meza, nusu wakishangilia na nusu wakizomea, Spika akapiga nyundo mpaka akachoka. Shemeji hakuwa na hotuba. Alisema kikosi kimevuka mpaka kwa amri yake, kimezingirwa, na mawasiliano yamekatika.

Yule mzee alisimama bila kuomba ruhusa. "Wako hai?"

Shemeji ni mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba amepotea njia, hata ukimwonyesha ukuta. Alishika meza kwa mikono miwili.

"Sijui," alisema. "Hilo ndilo nililoshindwa kuja kuwaambia."

Basi hilo tu ndilo alilokuwa nalo la kuninong'oneza. Nilimchukia pale alipokuwa amesimama, na papo hapo nikamwonea huruma, kwa sababu siku zote hizo alikuwa amelibeba neno lile peke yake mbele ya kikombe cha chai.

Mzee akavuka ukumbi kuja upande wetu, jambo ambalo kanuni zinakataza, akaketi kando yangu na kunishika mkono. Hakunizomea. Spika alimwona, akaangalia pembeni, kisha akauliza nani ataanza kuchangia namna ya kuwarudisha watoto.

Nikainua mkono uliobaki.